Paka wa Langoni na Darasa la Akina Mama

Langoni, Amu
14 Septemba 1968

Kwa Bwana Mhariri, Ukurasa wa Barua

Bwana Mhariri,

Natumai barua hii itakukuta mzima, umeketi, na umeshakunywa chai, kwa kuwa ni ndefu kuliko zile ninazokuletea kila wiki.

Jina langu unalijua. Mimi ni Kamaludin wa Langoni, mwakilishi wa gazeti lako katika kisiwa cha Amu kwa miaka kumi na tisa. Katika muda huo nimekuletea bei ya boriti, vifo, ndoa, vyombo vilivyozama, vyombo vilivyosemekana vimezama kisha vikarudi, na Wakuu wa Wilaya kumi na mmoja, waliokuja na waliokwenda. Hujapata kunisahihisha. Kosa moja tu lilichapishwa chini ya jina langu, mwaka wa 1957, iliposemwa kuwa Mkuu wa Wilaya wa wakati huo amezaa mapacha, ilhali mimi niliandika kuwa ni mbuzi wake. Kosa hilo lilikuwa la mpanga chapa, na yeye mwenyewe alikiri.

Leo sileti habari. Naleta malalamiko, na sitaki malipo.

Jambo lenyewe ni hili. Mezani pangu ipo fomu kutoka ofisi ya maendeleo. Inataka sahihi yangu ili mke wangu, Bi Saadiya, aende Mombasa kwa wiki tatu kusomea ualimu wa darasa la akina mama lililoanzishwa hapa mtaani mwezi wa Machi. Mwalimu wa sasa, Bi Edah Kwamboka, anahamishwa mwisho wa mwaka. Asipopatikana mwanamke wa hapa wa kushika nafasi yake, darasa litafungwa. Aliyechaguliwa na wenzake ni mke wangu, na hakuna wa pili. Fomu irudishwe kabla ya Ijumaa, tarehe 20. Kwa hiyo, Bwana Mhariri, darasa zima linangoja kalamu yangu, nami nimeiweka kalamu hiyo chini, nikachukua nyingine ili nikuandikie wewe.

Sitatia sahihi. Sitaki watu waseme kuwa nimekataa kwa wivu au kwa ukaidi. Nimekataa kwa sababu, na sababu zangu nimezipa nambari ili Serikali isipotee.

1. Darasa lilianza kwa kutuuliza maswali.

Bi Kwamboka alifika Amu tarehe 4 Machi. Ni mwanamke wa Kisii, Mkristo, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walio ng'ambo ya bonde. Alikuja na ubao, mizani ya kupimia watoto na sanduku la vitabu. Sina la kumlaumu katika adabu. Alianza kwetu wanaume, tulipokuwa tumeketi kwenye daka langu, yaani pale mlangoni penye mabaraza mawili ya mawe, akatuamkia mmoja mmoja, akasema anataka kuwafundisha wanawake wafanyao kazi mambo matatu: kazi yenyewe, afya na fedha.

Nilimweleza kuwa amepotea njia. Wanawake wa Langoni hawafanyi kazi.

"Na hiyo kofia uliyovaa, Bwana Kamaludin, aliishona nani?"

Mke wangu.

"Kwa muda gani?"

Miezi mitatu na siku kadhaa.

"Na hiyo si kazi?"

Nilimjibu kuwa si kazi, kwa kuwa anaifanya ameketi. Wenzangu waliafiki. Sote tulikuwa tumeketi.

Siku hiyo hiyo nilimkataza mke wangu. Nilisema mbele ya mama yangu mzazi, Bi Alawiya, ili awe shahidi, kuwa ni marufuku kukanyaga njia kwenda darasa lolote. Bi Saadiya hakuinua hata macho kutoka kwenye kofia aliyokuwa akiishona. Alisema, "Haya, Bwana. Ndia siikanyagi."

Hapo ndipo nilipozembea kama mwandishi. Sijapata kuona mtu akikubali upesi hivyo isipokuwa mwanasiasa, tena kabla ya uchaguzi.

2. Darasa limeniharibia jina kwa sababu ya paka.

Kuanzia wiki iliyofuata nilikaa kwenye daka langu kila alasiri, saa nane hadi saa kumi na nusu, na daftari langu, kuhakikisha kuwa hakuna anayetoka. Hakuna aliyetoka. Nilimwona Bi Kwamboka tu, Jumatatu na Alhamisi, akiingia na mfuko wake katika nyumba inayotazamana na yangu, ya jirani yetu mjane, Bi Umulkheir. Nilidhani anajifunza kupika pilau.

Nilichokisikia kilikuwa vishindo juu ya kichwa changu. Daka langu liko chini ya wikio. Kwa wasomaji wako wa bara nitaeleza kuwa wikio ni chumba kinachojengwa juu ya njia, kama daraja, kuunganisha ghorofa ya nyumba moja na ghorofa ya nyumba ya pili. Hili letu limeunganisha nyumba yetu na ya Bi Umulkheir. Babu yangu alilijenga ili wanawake wa nyumba hizo mbili watembeleane bila ya kuonwa na wapita njia. Kivuli chake ni kizuri, na ndiyo sababu nilikaa pale. Vishindo vilikuwa vyepesi na vingi. Vilielekea kwa Bi Umulkheir saa nane na nusu, vikarudi saa kumi. Niliandika: "Paka. Wengi. Wanaelekea kaskazini."

Baada ya wiki nane nilikuwa na hesabu za kutosha, nikakuletea ile habari uliyoichapa mwezi wa Mei, "Paka Waongezeka Langoni, Wahama kwa Saa Maalumu." Uliniandikia kunipongeza. Bwana Phineas, bwana afya wetu, aliisoma akaja kuwahesabu. Alizunguka mtaa kwa siku tatu, akapata paka thelathini na wawili, idadi ile ile ya mwaka uliopita. Akaniuliza wale wengine wako wapi. Nilimwambia angoje Alhamisi. Hata Bi Kwamboka, kila alipopita, aliniuliza kwa heshima kubwa, "Paka hawajambo, Bwana Kamaludin?" Nami nilimpa idadi ya wiki.

Alhamisi, tarehe 1 Agosti, kipande cha chaki kilianguka kutoka dirisha la wikio kikatua juu ya daftari langu. Niliinua kichwa. Pale dirishani palikuwa na uso wa mama yangu mzazi, ambaye kwa kadiri nilivyojua mimi alikuwa amelala tangu adhuhuri.

"Kamaludin, nitupia chaki hiyo, mwanangu. Twangojewa."

Niliitupa. Aliidaka kwa mkono mmoja. Kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi, niliandika: "Saa tisa na robo. Paka mmoja, umri miaka sabini na miwili, anazungumza."

Nilipopanda juu nilikuta wanawake kumi na saba. Nyumba za mtaa wetu zimeshikana mgongo kwa mgongo na zina milango ya ndani ambayo sisi wanaume hatuna haja nayo na tumeisahau. Walikuwa wakiingia kwa milango hiyo hadi nyumbani kwangu, wakipanda ngazi zangu, wakivuka wikio juu ya kichwa changu, mara mbili kwa wiki, kwa miezi mitano. Wala hakuna aliyekanyaga njia. Nilipomkabili mke wangu hakukana lolote. "Ulikataza ndia, Bwana. Wikio hukulitaja."

Naweka wazi kuwa Langoni yote imeshaipata habari hii. Wanaume wenzangu wakinikuta sokoni hulia kama paka.

3. Darasa limevumbua kazi pale ambapo haikuwepo.

Desturi yetu ilikuwa nyepesi. Mke hushona kofia ndani. Mume huichukua akaipeleka kwa Bwana Mselem, mwenye duka. Bwana Mselem huinunua akaipeleka Mombasa, na mume hurudi nyumbani na fedha. Mke haendi dukani, wala duka haliji kwa mke. Kwa miaka kumi na minne nilipokea shilingi thelathini kwa kila kofia, nikamkabidhi Bi Saadiya ishirini na tano. Tano zilizobaki zilikuwa haki ya miguu yangu. Kutoka kwangu hadi kwa Bwana Mselem ni hatua mia moja na arobaini.

Kila mume alifanya hivyo, na hakuna aliyemtajia mwenziwe, kwa kuwa mambo hayo hayatajwi. Sasa chukua wanawake kumi na saba, uwaketishe chumba kimoja, uwape chaki, umwambie kila mmoja aandike ubaoni bei aliyoletewa ya kofia yake. Bi Kwamboka hakufanya zaidi ya hapo. Aliandika pembeni bei ya kofia hizo hizo katika duka la Mombasa, shilingi tisini, akaketi. Kisha Bi Umulkheir, ambaye ni mjane na kofia zake hupelekwa na mpwawe, alisema, "Kumbe miguu ya waume ni ghali kuliko ya punda."

Sasa wameanzisha chama. Kofia zote hutiwa katika kikapu, kikapu hushushwa kwa kamba kutoka dirisha la wikio, na mwenye punda hukipokea akakipeleka gatini. Kikapu hicho hupita mbele ya pua yangu. Mara ya kwanza nilijaribu kukishika. Sauti kutoka juu ikaniambia nikiache: "Kiwate, Bwana, chaenda Mombasa."

Bwana Mselem alinijia na machozi. "Bwana Kamaludin, mwafanyani nyinyi? Wafungieni wake zenu!" Nilimwambia wamefungiwa. Wamo ndani tangu siku ya harusi. Taabu yetu ni kwamba hatuna tena mahali pengine pa kuwafungia.

Juu ya mlango wa jikoni pamebandikwa karatasi: "Kazini, saa mbili hadi saa sita." Nilipouliza habari ya chakula saa tano, niliambiwa kuwa muhogo umo chunguni, na moto ukizimika hupulizwa kwa mdomo, na mdomo ninao.

4. Darasa limeleta maradhi.

Hili ni zito, na nimelithibitisha kwa hesabu. Kabla ya mwezi wa Machi, Langoni hapakuwa na mwanamume hata mmoja mwenye ugonjwa wa sukari. Leo tuko saba. Kabla ya kuletwa ile mizani, hakuna mtoto wa mtaa huu aliyepungua uzito. Katika wiki ya kwanza tu ya mizani walipatikana tisa, na wote ikabidi walishwe mayai na maziwa mpaka wakanenepa. Kabla ya darasa, wajawazito wetu walivimba miguu kwa utulivu. Sasa huenda hospitali. Mtu yeyote anayejua kuhesabu ataona maradhi haya yameanzia wapi.

Mimi nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa na kidonda kidogo katika kidole cha mguu wa kushoto, kiu ya kawaida, na uchovu unaompata kila mwandishi. Mwezi wa Juni, nikitafuta wino, nilikuta daftari lisilo langu. Lilikuwa la mke wangu, na habari zake zote zilinihusu mimi, hata sikujiuliza herufi hizi za gazetini amejifunza wapi. Nanukuu: "Jumanne. Maji vikombe saba kabla ya adhuhuri. Chooni mara tano. Kidonda hakijafunga, wiki ya sita. Asema ni viatu."

Bwana Mhariri, nimeandika habari za watu kwa miaka kumi na tisa, na sikuwa na habari kuwa ni jambo la kuudhi kiasi hicho.

Nilipelekwa hospitali: mbele mke, nyuma mama, mimi katikati. Daktari alinipima, akalisoma daftari la mke wangu ukurasa kwa ukurasa, akasema ningechelewa miezi miwili zaidi angekikata kidole, na labda mguu. Kisha akamuuliza mke wangu, si mimi, kama ana maswali. Alikuwa nayo kumi na mawili.

Tangu siku hiyo haluwa haiingii nyumbani. Nilikwenda kumlalamikia mama, ambaye ndiye aliyenizoesha haluwa tangu utoto. Aliutazama mguu wangu, akanitazama usoni. "Kidole chaoza kama embe, nawe wataka haluwa? Wataka uzikwe na sinia?"

5. Darasa limenificha nambari.

Hapa Amu hakuna nambari nisiyoijua. Najua boriti ngapi zimepakiwa, abiria wangapi wamevuka kwenda Mokowe, na miaka ya kweli ya kila mwanamume anayepaka hina ndevu. Nambari moja tu siijui, nayo imo nyumbani kwangu, katika kitabu cha akiba cha posta kilichoandikwa jina la Bi Saadiya. Kitabu kimo ndani ya kasha, na ufunguo wa kasha uko shingoni mwake. Nilipouliza ni kiasi gani, alinijibu kwa swali. Aliniuliza Bwana Mselem alikuwa akinipa kiasi gani. Nikarudi kwenye daka langu.

Mwezi wa Agosti fundi Wazir alishuka kutoka juu ya paa letu, mweupe kwa vumbi. Boriti mbili zilizooza zilikuwa zimebadilishwa. Mimi nilikuwa nikisema tangu mwaka wa 1963 kuwa nitazibadilisha. Nilimuuliza fundi bei, nikiwa tayari kugombana naye kama inavyotakiwa. "Nishalipwa, Bwana," alisema. "Na chai nimekunywa." Ugomvi wangu wote ukabaki mdomoni, na hapakuwa na wa kumpa.

Kuna jambo jingine katika fungu hili. Zamani mke wangu alikuwa akiniomba ruhusa. Sasa ananiuliza rai. Ruhusa hutolewa kwa kutikisa kichwa, hata mtu akiwa na usingizi. Rai humtaka mtu ajue jambo. Juzi aliniuliza kama chama kiuze kofia zote kwa mnunuzi mmoja au kwa watatu. Ilinibidi nikae nifikiri tangu alasiri hadi magharibi, na nilipompa jibu aliniuliza sababu.

6. Na hii safari ya Mombasa.

Bi Saadiya akienda wiki tatu atarudi mwalimu. Mwalimu hujulikana na watu. Anayejulikana na watu huambiwa asimame uchaguzi wa halmashauri, na Bi Saadiya hajasimamia jambo likamshinda. Kutoka hapo haifiki miaka kumi atakuwa Mkuu wa Wilaya, wa kumi na saba kwa hesabu yangu, na mimi, kwa kuwa gazeti lako halina mtu mwingine hapa, nitapelekwa gatini na daftari kumpokea mke wangu. Habari yenyewe naiona tayari: "Mkuu wa Wilaya awasili. Awataka waandishi wampishe njia."

Tena katika wiki hizo tatu kidonda kitaoshwa na nani? Mama haoni vizuri. Mimi siwezi kukitazama. Hili naliweka mwisho kwa kuwa si hoja, ni swali.

Kwa hayo yote naiomba Serikali, kupitia ukurasa wako, ilifunge darasa hili bila ya kungoja mwisho wa mwaka. Imhamishe Bi Kwamboka, kwa heshima zake zote, apelekwe mahali ambapo nyumba hazina ghorofa. Iiondoe mizani kabla haijawadhoofisha watoto wengine. Na itangaze rasmi kuwa jambo linalofanywa mtu ameketi si kazi. Kuhusu wikio, nilikuwa na nia ya kuliziba kwa mawe, lakini fundi Wazir asema likizibwa litakuwa zito na litaniangukia pale ninapokaa.

Wape salamu wote wa ofisini: mweka hazina, mtunza mlango, na mpanga chapa wa mwaka wa 1957 kama bado yu hai na bado anapenda mbuzi. Salamu kwa mkeo na watoto. Kama mkeo naye ameanza kuandika katika daftari, usilipuuze.

Ni mimi wako katika kazi, nikiwa nimeketi,

Kamaludin wa Langoni

Nyongeza, 18 Septemba

Bwana Mhariri, unajua kanuni yangu. Sipeleki ukurasa kabla haujasomwa na mtu wa pili. Zamani mtu huyo alikuwa karani wa forodha, lakini amehamia Kiwayu. Katika nyumba hii anayesoma kwa makini ni mmoja tu. Bi Saadiya alikuwa akisoma herufi za Kiarabu tangu utoto, na hizi za gazetini amezipata darasani tangu Machi. Nilimpa barua. Alikaa nayo siku tatu, nje ya saa za kazi, akanirudishia pamoja na penseli. Hakugusa rai yangu hata moja. Asema rai ni mali ya mwenyewe. Amegusa mambo ya kweli tu, na kwa kuwa sijapata kupeleka jambo nikijua si kweli, nalazimika kuyaandika.

Fungu la pili: wanawake hawakuwa kumi na saba. Walikuwa ishirini na sita. Tisa walijificha nyuma ya pazia niliposhika ngazi. Na wikio halikujengwa na babu yangu. Mama, ambaye alimjua mjenzi, asema lilijengwa na bibi yangu, kwa fedha za kofia zake, na babu alipata habari lilipokuwa limeshafika katikati ya njia.

Fungu la tatu: Bwana Mselem alikuwa akinipa shilingi thelathini na tatu, si thelathini. Ameulizwa, akasema. Na kutoka mlangoni kwangu hadi dukani kwake ni hatua sitini na mbili. Mama alizihesabu Jumapili, na ana mguu mfupi kuliko wangu.

Fungu la nne: sikuwa mzima kabla ya Machi. Lile daftari nililifungulia katikati. Kurasa za mwanzo zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zinaanza Januari, wakati Bi Kwamboka hajaujua hata mji huu uko wapi. Januari nilikuwa nikinywa vikombe vitano. Bi Saadiya alikuwa akiniandika miezi miwili mizima bila ya kujua anachokiona, na darasani akaambiwa jina lake. Kwa hiyo hesabu yangu ya maradhi, ingawa ni sahihi katika kujumlisha, imesimama kichwa chini.

Fungu la tano: nambari ya akiba aliiandika pembeni kwa penseli, kisha akaifuta. Nilichoweza kutambua ni kwamba ina tarakimu tatu.

Fungu la sita: kidonda kimefunga tangu Jumanne ya wiki iliyopita. Nilikuwa najua. Naona nilisahau kukuandikia.

Aliponirudishia kurasa aliniuliza, kwa rai yangu, ukishatoa yasiyo kweli, katika barua kunabaki nini. Nimeisoma tena tangu mwanzo. Zinabaki salamu. Tafadhali chapa hizo.

Na kwa kuwa hujapata kunisahihisha, naomba unisahihishe sasa, mahali pale pale palipokuwa na habari ya Mei: "Paka walioripotiwa kuhama Langoni kwa saa maalumu walikuwa akina mama ishirini na sita. Bwana Phineas asiendelee kuwatafuta."

Fomu nimeitia sahihi jana. Palikuwa na mstari usemao "Kazi ya mwombaji." Nilikaa na kalamu kitambo, kisha nikaandika "mshona kofia." Anasafiri na kaka yake, Ridhwani, na watafikia kwa shangazi yao Kibokoni. Njia ataikanyaga. Mimi nitaosha mguu wangu mwenyewe. Nimefundishwa, na nilipofumba macho nilifundishwa tena.

Barua hii sikuitia posta. Bi Saadiya anakuletea huko Mombasa kwa mkono wake, ndiye huyo aliyesimama mbele ya meza yako. Mpe kiti. Una kawaida ya kuwaacha watu wamesimama.

Neno la mwisho naliongeza baada ya yeye kumaliza kusoma, na bahasha naifunga mwenyewe. Akikuuliza unanilipa kiasi gani kwa kila habari, mimi nilimwambia shilingi nne. Tafadhali usitaje nambari nyingine.

K.

(Chini yake, kwa penseli:)

Bwana Mhariri, nimelisoma. Gundi ilikuwa haijakauka. Nina maswali kumi na mawili, na hilo ndilo la kwanza.

Saadiya, mshona kofia